Marlys na Mti Uliotia Ngumu

Baada ya miaka thelathini na minne katika Shule ya Awali ya Mtaa wa Linden, hapa Wisconsin, Mwalimu Marlys Hoekstra alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, saa tisa alasiri. Jarida hili la watumishi lilipaswa kutoka siku hiyo hiyo. Limechelewa, na mkosaji ni mimi, mwalimu wa chumba cha jirani, ambaye wiki nzima nilikuwa naandika mstari mmoja na kwenda dirishani mara tatu.

Walimu wengine hustaafu Juni. Marlys alikataa katakata. Alianza kazi majira ya vuli, na vuli ndiyo kazi yake. Ni yeye aliyewafundisha watoto wa miaka minne kuweka jani chini ya karatasi na kulisugua kwa krayoni hadi mishipa yake ijitokeze. Kukata tufaha katikati, kulichovya kwenye rangi na kuligonga kwenye kitambaa. Kutoa utumbo wa boga kwa mikono mitupu huku wakipiga mayowe. Majani aliyakausha ndani ya vitabu vya zamani vya simu. Hadi leo, ukifungua kabati lake lolote, jani litakuangukia mguuni.

Lakini fahari yake ni ule mti wa ginko uani. Mti huo hauna desturi ya kupukutisha kidogo kidogo. Hukaa na majani yake ya manjano mpaka jalidi ya kwanza kali igandishe nyasi, kisha huyamwaga yote asubuhi moja. Siku hiyo masomo hufutwa, na watoto huruka ndani ya lundo hadi saa sita mchana. Tarehe haijulikani, ndiyo maana kila Oktoba Marlys alikuwa hatulii, na sisi sote tuliambukizwa.

Mwaka 2007 Dwight, mtunza bustani aliyekuwa mgeni na mwenye bidii zake, aliyafagia majani yote kabla ya watoto kufika, akayajaza mifukoni, lori likayabeba. Marlys alilifukuza mitaa minne kwa miguu, aproni ya rangi kiunoni. Alirudi ameketi kando ya dereva, mifuko ishirini na sita nyuma yao. "Dwight baba, umetufagilia sikukuu!" alimwambia, kisha akampa reki amwage upya. Dwight bado tuko naye, na kila Oktoba huomba ruhusa kwa maandishi kabla ya kugusa jani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Marlys mwenyewe hakuwahi kuruka. Katika mwaka wake wa tatu, mtoto mmoja aitwaye Corwin alijificha chini ya lundo, usingizi ukamchukua, na kwa dakika kumi na moja hakuna aliyejua alipo. Alipatikana mzima, anakoroma. Tangu hapo Marlys alisimama pembeni, makoti mkononi, akihesabu vichwa. Akimaliza, anaanza tena. Septemba hii aliniambia, "Mwenzangu, mwaka huu naruka. Utahesabu wewe."

Basi mti ukatia ngumu. Wiki ya mwisho ya Oktoba ilikuja na joto lisilo na adabu. Jumatatu, hamna kitu. Jumatano lilianguka jani moja, watoto wakalipigia makofi. Alhamisi Dwight alijitolea kupanda ngazi akautikise. "Hebu uache mti wa watu," Marlys alimkatalia, "una saa yake." Ijumaa, kama ilivyo desturi ya siku hiyo ya mwisho wa Oktoba, watoto walikuja wamevaa kama popo na maboga, tukakata keki. Marlys akatazama saa ya ukutani, akatazama mti, akakabidhi funguo. Niliukasirikia ule mti, tena kwa dhati.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, jalidi ilishuka. Saa mbili na nusu asubuhi majani yakaanza kumwagika, bila upepo wowote. Nilimpigia simu nikiwa na wasiwasi kwamba atasita, maana si mtumishi tena.

"Ndiyo raha yenyewe, bibi wee!" akasema. "Sina zamu!"

Alifika vifungo vya koti vikiwa kombo, akanitupia koti lenyewe, akaruka wa kwanza.

Nilisimama pembeni nikihesabu. Watoto wa darasa lake ni kumi na wanane. Nilipata vichwa kumi na tisa. Nikaanza upya, nikapata kumi na tisa, na machozi yakanitoka.

Asante, Marlys, kwa kila kichwa ulichohesabu. Uishi kwa afya na furaha, na kila jalidi ikishuka simu yako italia. Njoo uruke. Makoti tutashika sisi.