Namna ya Kumkalisha Mgeni

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la spea za baiskeli na ukuta ulioandikwa usikojoe hapa. Linakaa watu wanne, na hao wanne ndio sisi. Kuna Dalali, anayewatafutia watu vyumba mji mzima huku mwenyewe bado analala sebuleni kwa dada yake. Kuna Fundi Saa, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Kuna Baba Pacha, anayekuja hapa kukimbia kelele za wanawe, kisha anapiga kelele kuwashinda. Halafu mimi, mkali wao, niliyeacha shule mapema ili walimu wasipate aibu. Kahawa anatuuzia Kaka Birika. Asubuhi hiyo, bila kuinua macho kwenye jiko lake la mkaa, akatuambia mwisho wa wiki anahamia stendi.

— Tumekukosea nini? akauliza Fundi Saa.

— Sina wateja wapya. Mtu anakunywa amesimama, anaondoka, simwoni tena. Nyinyi kikombe kimoja mnakikalia mpaka mchana. Nina watoto wanasoma, ndugu zangu.

— Tatizo ni benchi, akasema Dalali. Wote tunatazama barabarani. Mgeni akija ataongea na nani, na malori? Lipindwe liwe duara.

— Duara la nini, akadakia Baba Pacha. Watu wasiojuana wakitazamana wanaona haya. Weka ubao wa kubembea, huku kukipanda kule kunashuka. Ukija peke yako unakaa chini kwenye vumbi, mpaka umbembeleze mpita njia akupandishe.

— Na mimi nikiwa mnene? akauliza Dalali.

— Unaita wawili. Tayari una marafiki wawili.

Fundi Saa akakohoa. Huyu akikohoa ujue ana uvumbuzi.

— Bomba la maji. Kitufe cha kubonyeza kiko huku, maji yanatoka kule ng'ambo. Hunywi mpaka upate wa kukubonyezea.

— Na asiye na kiu?

— Atakaa mpaka imshike.

Nikaona hawa wananichelewesha.

— Choo, nikasema. Choo cha watu wote, mlango hauna komeo. Ukiingia lazima umwombe usiyemjua akushikie mlango. Na utamwongelesha muda wote, maana akinyamaza utajuaje bado yupo?

Wakatazamana kama watu waliozidiwa akili.

— Na yeye akibanwa? akauliza Baba Pacha.

— Unatoka, unamshikia. Undugu unaanzia hapo.

Dalali hakukubali kushindwa na kijana.

— Nyumba zote zijengwe bila jiko. Jiko moja, mtaa mzima. Mtazoeana mtake msitake.

— Wewe umeshazoea, nikamwambia. Hilo unalopikiwa ni la shemeji yako.

Tulipokuwa tunacheka ndipo nikamwona dada mmoja amesimama mbele yetu na kikombe cha moto, anakihamisha mkono huu kwenda ule. Kumbe alikuwepo tangu habari za ubao. Alitusalimia, tukaitikia bila kumtazama.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi ndiye nimefungua duka la miwani hapo mkabala. Nauliza tu. Leo, kabla hamjajenga hayo yote, mgeni akija anakaa wapi?

Dalali akachungulia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Baba Pacha akashika goti. Fundi Saa akatazama mkono usio na saa. Mimi ningesogea, ila niko mwisho wa benchi, nikisogea naanguka.

Kaka Birika akamsogezea kigoda chake, mwenyewe akachuchumaa. Wakaongea. Dada akauliza watoto wako darasa la ngapi, na moshi unamsumbuaje macho. Mwisho akasema baraza la duka lake ni pana na lina kivuli, tena wanaosubiri miwani hawana la kufanya. Kaka Birika akanyanyua jiko, akavuka naye barabara.

Stendi hakwenda tena. Kahawa iko ng'ambo, watu wamejaa barazani, wengine hata hawakuja kwa ajili ya miwani, na wanasimuliana kama waliozaliwa tumbo moja. Harufu inatufikia vizuri tu. Nasi tungevuka, lakini tukivuka, nani atatulindia benchi?