Wazee Waliokaa ku Mulango Wangu

Wamama na dada zangu, musinionee huruma kwanza. Acheni niseme, kisha mwenye kulia atalia.

Bwana yangu alikuwa anapakia mizigo ku Ubundu, pale treni ya Kisangani inaishia. Mutumbwi ulipinduka, akafa maji. Walimuleta na treni, amefunikwa turubai, mwili umevimba. Wanaume wa umri wake walikataa kumugusa. Ni muzee mumoja wa avenue yetu, mikono inatetemeka, ndiye alimuosha.

Kilio hakijaisha, ndugu za bwana wakaingia. Walichukua kitanda, wakachukua masini ya kushona. Hata sufuria iliyokuwa ku moto, walimwaga maji wakaenda nayo. Bon. Nikabaki na watoto wawili. Mvua ilipoanza, surua ikanichukulia kijana wangu mudogo.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikuwa mutu tena. Nilikuwa nalala ku mukeka tu. Musichana wangu, mutoto aliyebaki, alikuwa anakula kwa majirani, na mimi sikuuliza amekula nini.

Jirani yangu alikuwa koko mumoja, bibi muzee sana, amezika watoto wake wote. Aliingia bila hodi. Hakunipa pole.

"Amuka," alisema. "Muhogo yangu inaoza ndani ya udongo. Mugongo umekataa."

"Koko, sina nguvu."

"Hata mimi sina. Twende."

Shamba lake lilikuwa ku njia ya Opala. Alinionyesha kipande cha kulima, na kipande cha kuacha kipumuzike, hata kama njaa iko. "Hapa watalima watoto wenye hawajazaliwa," alisema. Nililima nikilia. Yeye alipalilia, hakunikataza.

Pole pole nikaanza tena kutwanga ndizi za lituma nyumbani. Donc, siku moja asubuhi shemeji yangu akarudi na ndugu zake. Wanataka musichana, wanasema mutoto ni wa ukoo wao. Nilimukamata, nikamuficha nyuma yangu. Wanaume wa avenue walisimama wakiangalia.

Koko alitoka kwake na kiti kidogo, akakaa katikati ya mulango wangu. Akaja ule muzee. Kisha mama wawili wazee, mumoja haoni, anashikwa mukono. Wakakaa chini kando yake.

"Wazee," shemeji alisema, "hii iko mambo ya familia."

Muzee alimuangalia. "Ndugu yako nilimuosha mimi. Wewe saa ile ulikuwa unabeba kitanda chake."

Jua likapanda, wazee hawakutoka. Mwisho wale watu wakaenda bila mutoto.

Koko alikufa mbele mavuno hayajafika. Ile muhogo tuliyopanda pamoja, hakuila.

Mimi sijapona yote, nisiwadanganye. Mvua ikinyesha, ninamusikia kijana wangu. Lakini ninalima, na musichana iko masomoni. Ninashukuru Mungu, na koko kule aliko. Ninashukuru ule muzee na wale mama wawili. Bila wao, mutoto wangu hangekuwa wangu.

Tunasema wazee wamebaki kula tu. Mimi nimeona nani alishika avenue yetu siku wenye nguvu walinyamaza. Tukiwaacha wafe na njaa, nani atatufundisha kuwachia watoto udongo wenye unazaa?

Nyuma ya soko kuko wazee wenye hawana mutu. Kesho asubuhi ninawapelekea maji na kuni. Mwenye kutaka, anikute ku njia.