Basma Ataka Kusomea Mitende

Pale mjini Ibra, nje ya duka la dobi, lipo benchi letu la kahawa. Tunaokaa hapo tuna elimu ya kila kitu isipokuwa kazi. Yupo Karafuu, ambaye babu yake alikuwa na shamba Pemba na hakubali tusahau. Yupo Mudiri, mstaafu wa wizara, bado anaongea kama anatuajiri. Asubuhi ile Abdullatif, mwenzetu wa benchi, alikuja uso umemshuka. Binti yake, Basma, kapata nafasi chuo kidogo cha kilimo huko upande wa Nizwa, na jibu lilitakiwa kabla ya adhuhuri.

— Kilimo? Ya akhi, mtoto ana akili vile, umtie kwenye matope! — Mudiri akashtuka.

— Shamba letu la Al Qabil linakufa, — akasema Abdullatif. Linazaa vitende vidogo, havina hata kokwa. Mama akiviona analia.

— Hasad hiyo, jicho la watu, — Karafuu akakata shauri. — Halafu hamuaniki. Sisi Pemba karafuu tukianika siku zote.

— Umeanika wewe?

— Nimeona tukianikiwa.

— Ni minara ya simu, wallahi, — akasema Mudiri. — Mtende unasikia umbea wote unaopita hewani. Utazaa saa ngapi? Wizarani tulijua, tukanyamaza.

Nikamkumbusha kuwa wizara yake ilikuwa ya barabara. Akasema barabara nazo hupita mashambani.

— Basi nimkatalie?

— Mkatalie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — akasema Karafuu. — Sasa mtoto wa kike ainame siku nzima? Ataumwa mgongo! Khalas, uza shamba.

Abdullatif macho yakamjaa machozi. Shamba hilo babake alilifufua kwa mikono yake aliporudi kutoka Unguja. Hata mimi roho iliniuma.

Basma, aliyekuwa akimngoja garini, akashuka na Kiswahili chake cha vijana wa huku.

— Shikamooni. Baba, nauliza kitu moja tu. Kwenye shamba yetu, mtende dume iko wapi?

— Dume la nini? — akauliza Karafuu.

— La kutoa unga. Lazima mtu apande juu, atie unga kwa mkono kwenye maua ya majike, la sivyo tende hudumaa. Mwaka huu nani alitia?

Karafuu akamtazama Mudiri. Mudiri akatazama saa. Mimi, mla tende wa miaka yote, nikatazama ndala zangu.

— Akitia siku zote marehemu babu yako, — akasema Abdullatif. — Tangu afariki…

— Na mimi sikumuuliza akiwa hai, — akasema Basma. Sasa nimuulize nani?

Abdullatif akainuka, akamshika mkono bintiye.

— Twende chuoni, mwanangu. Kawaulize.