Fundi Aliyeonekana Sengerema

Mimi nauza kahawa. Nalisema mapema, maana wapo wanaopita hapa Mkuyuni, Mwanza, wakiona watu wamejazana barazani kwa Kanubhai, muuza vipuri vya injini, wanadhani ni mkutano wa serikali ya mtaa. Hakuna mkutano. Kuna benchi, kuna jiko langu la mkaa, kuna birika na vikombe, na kuna wanaume watatu ambao wake zao wanaamini wako kazini. Simtanki anauza matenki ya maji, na tumbo lake ndilo lililompa jina. Mzee Kamati amekuwa katibu wa kila kamati ya mazishi mtaani tangu mimi kijana, na hawezi kusema neno kabla hajakohoa. Bando ndiye mdogo wao, ana simu iliyopasuka kioo na kifurushi kisichoisha, na ana ukurasa wake mtandaoni anaouita Jicho la Ziwa. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ziwa halionekani kwa ukungu, na habari ilikuwa ileile ya mwezi mzima: Nestory, fundi wa injini za boti, alitoka kwenda kujaribu injini ya mteja majini, boti ikakutwa inaelea peke yake kwenye magugu maji, mwenyewe hakuonekana tena.

BANDO: Oya, sikilizeni. Lile chapisho langu limefika mpaka Bukoba. Watu wanakomenti hadi simu inapata moto.

MIMI: Chapisho lipi?

BANDO: Shigela, wewe unaishi wapi? La Jumapili! "Fundi Nestory aonekana sokoni Sengerema, yuko hai."

MIMI: Naishi kwenye moshi wa mkaa. Endelea.

Kamati akakohoa. Tukajua anakuja.

KAMATI: Chapisho hilo si mchezo. Nimesikia ndugu zake kule Muleba walishajiandaa kuzika mgomba. Wameahirisha.

SIMTANKI: Kuzika nini?

KAMATI: Mgomba. Kwao mtu akizama, mwili usipatikane, wanakata mgomba, wanauvisha sanda, wanauzika badala yake. Watu wanalia, wananyoa nywele, msiba unaisha. Sasa umeambiwa mtu yuko hai, utazikaje?

BANDO: Mnaona? Nimeokoa mtu asizikwe.

SIMTANKI: Kwanza nani alimwona?

BANDO: Mdau.

SIMTANKI: Mdau gani?

BANDO: Chanzo cha habari hakitajwi, mzee. Ndiyo taaluma ilivyo.

MIMI: Taaluma tangu lini? Mwaka jana ulikuwa unauza makava ya simu pale stendi.

BANDO: Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Methali hiyo haikuwa na kazi yoyote pale, lakini ndivyo walivyo hawa. Wakiishiwa jibu wanatupa methali, nawe ubaki unaitafuna peke yako.

SIMTANKI: Mimi nitawaambia ukweli, ila msinitaje. Yule fundi kaona mali. Chini ya ziwa hili kuna meli ya Mjerumani, ilizama enzi za vita na sanduku zima la dhahabu. Fundi wa injini anajua vilindi vyote. Kalitoa, kapotea. Saa hizi yuko Dubai anakunywa juisi.

KAMATI: Sasa Sengerema kafikaje?

SIMTANKI: Njia ya kwenda Dubai inaanzia popote. Hujasikia wahenga? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

MIMI: Hiyo si inasema mtu hurudi?

SIMTANKI: Atarudi akishazitumia!

KAMATI: Mimi naona ana mji wa pili. Kisiwani huko. Fundi wa boti hakosi mke kisiwani, na watoto juu. Boti kaiacha makusudi ielee, watu wamlie, yeye anakula samaki.

Kanubhai alikuwa ndani anahesabu mikanda ya mashine. Huwa hatoki. Hutusikia tu, na siku akichoka hufungulia redio. Siku hiyo hakufungulia redio, akaongea huko huko ndani.

KANUBHAI: Siku ile asubuhi alinunua plagi mpya hapa kwangu. Na injini ya mteja mwingine kaiacha kibandani kwake imefunguliwa, skrubu amezipanga kwenye gazeti. Mtu anayetoroka anapanga skrubu?

SIMTANKI: Kanubhai, wewe biashara yako ni plagi. Huku tunajadili mambo.

BANDO: Ngoja, ngoja, hii komenti ni noma. Ina mioyo kibao. "Huyo aliyeonekana Sengerema si Nestory, ni msukule wake. Ndiyo maana alipoitwa hakuitika."

MIMI: Aliitwa na nani?

BANDO: Sijui. Hilo sikuandika mimi.

MIMI: Sasa wao wamelitoa wapi?

BANDO: Habari ikishatoka, Shigela, inajiendesha yenyewe.

SIMTANKI: Atajibu nini na msukule hukatwa ulimi? Amekwisha huyo. Mchana kafichwa darini kwa mtu, usiku analima mahindi. Na mnajua kwa nini kachukuliwa fundi? Wachawi wana matrekta sasa. Wanataka wa kuyatengeneza!

KAMATI: Mficha uchi hazai.

MIMI: Mzee Kamati, hiyo inaingiaje hapa?

KAMATI: Itaingia tu mbele ya safari.

Nilicheka, sikatai. Kulikuwa na baridi, na watu wakicheka kahawa inatoka. Nilikuwa nachochea mkaa ndipo nikaona mwanamke amefika barazani. Alikuwa amejifunika kitenge kuanzia shingoni, miguu imejaa tope mpaka vifundoni. Akakaa mwisho wa benchi, akaniomba kahawa kwa sauti ndogo. Nikampa. Hakunywa, alikishika kikombe kwa mikono miwili apate joto. Nikasema moyoni, huyu katoka mbali. Wenzangu hawakumwangalia, na Simtanki alikuwa ndiyo kwanza anakolea.

SIMTANKI: Lakini tusizunguke. Mke anajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mume hajamaliza hata siku mbili, tayari picha yake iko mitandaoni na namba za simu chini. Haraka ya nini?

BANDO: Komenti nyingi zinasema hivyohivyo. Wanataka ahojiwe.

KAMATI: Kwa kweli haraka ile inatia shaka. Angengoja kidogo.

Yule mwanamke akainua uso.

— Angengoja siku ngapi?

SIMTANKI: Nani?

— Huyo mke. Angengoja siku ngapi ndiyo mngeona sawa?

Kamati akakohoa, lakini baada ya kikohozi hakikuja kitu.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Kamati.

KAMATI: Marahaba, mama.

— Nimeambiwa mwenye Jicho la Ziwa anakaa hapa.

Wote wakamgeukia Bando. Bando akajiweka sawa kola.

BANDO: Ni mimi, dada. Una tangazo?

— Naitwa Odeta. Nestory ni mume wangu.

Jamani, aibu ina uzito. Niliona benchi zima limezama. Simtanki aliinama kuangalia viatu vyake, tumbo likamzuia, akabaki anaangalia tumbo.

KAMATI: Pole sana, mama. Pole sana. Hapa tulikuwa tu... watu wanazungumza.

ODETA: Sikuja kugombana, mzee. Kwamba nimemuua mume wangu nimeshasoma. Watu nisiowajua wananiandikia usiku na mchana. Mwanzoni nilikuwa nalia, sasa nasoma tu. Nimekuja kwa neno moja.

Akakiweka kikombe chini, karibu na mguu wake, asije akakimwaga.

ODETA: Sengerema nimekwenda. Nimezunguka sokoni na picha yake, kwa wauza dagaa, kwa wauza mihogo, kwa mafundi baiskeli. Hakuna aliyemjua. Nikasema labda sijui kuuliza. Sasa mama mkwe wangu, tangu asomewe ile habari yako, anakaa barabarani kule Muleba. Kila basi la kutoka Mwanza likisimama anainuka. Anasema mwanangu huyo anashuka. Mvua inamnyeshea, ukimshika mkono umwingize ndani anakung'ata. Mtu mzima yule, anang'ata kama mtoto.

Bando alikuwa anaipindua simu yake, upande huu, upande ule.

ODETA: Baba mkubwa Yeremia, mkubwa wa ukoo, kaniambia hivi: mtafute aliyemwona, akuambie kwa mdomo wake. Kwetu ukimzikia mgomba mtu aliye hai, umemuua wewe, kwa mkono wako. Na kama amekufa, ukakaa tu unangoja, yeye hapumziki kule aliko na wewe hupumziki. Mimi nimechoka, kaka. Nataka kujua tu ni lipi. Yule mtu wa Sengerema alikuwa amevaa nini?

Swali lenyewe ndilo hilo. Hata mtoto wa chekechea angeliuliza, na sisi tangu asubuhi hatukuliuliza. Bando akalamba midomo. Akaishusha simu mapajani, akaiangalia haraka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika, nikaona alichokuwa anaangalia. Ni lile tangazo la kupotea, lenye picha ya Nestory anacheka.

BANDO: Shati. Shati la kijani, dada. Mikono mirefu. Lina mfuko hapa kifuani.

ODETA: La kijani?

BANDO: Ndiyo. Mdau alilisema vizuri kabisa.

ODETA: Mfuko una kifuniko?

Bando akachungulia tena mapajani.

BANDO: Una kifuniko. Na kifungo cheupe.

Odeta akakifungua kile kitenge. Ndani alikuwa amevaa shati la kiume, la kijani, mikono ameikunja mara mbili kwa urefu. Kifuani kuna mfuko, una kifuniko, una kifungo cheupe.

ODETA: Hili?

Mungu wangu. Nilisahau kwamba nimeshika birika, likainama, kahawa ikamwagikia jikoni, mkaa ukalia.

ODETA: Picha ile alipiga Krismasi. Siku anaondoka alivaa ovaroli ya kazi. Shati hili nalala nalo mimi, sijalifua, lina jasho lake.

BANDO: Dada, nisikilize... yule mdau...

ODETA: Mdau ni nani?

Bando akatazama barabarani. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sikumhurumia, na mpaka leo simhurumii.

BANDO: Watu walikuwa wamekata tamaa. Nikasema niwape tumaini. Nilijua kwa vyovyote atapatikana, mtu hapotei hivihivi. Sengerema niliitaja tu, ningeweza kutaja hata Geita.

ODETA: Kwa hiyo hakuna aliyemwona.

Akamgeukia Kamati. Kamati akatikisa kichwa. Akamgeukia Simtanki, Simtanki akavua kofia, sijui kwa nini. Akanigeukia na mimi.

ODETA: Na wewe, kaka wa kahawa?

MIMI: Hapana, mayu, mama yangu. Sikumwona.

Akaitika kwa kichwa, polepole, mara nyingi, hata nikafikiri ataanguka. Hakuanguka. Akafunga kitenge, akatoa kisimu cha batani, akapiga. Alisimama palepale mbele yetu, hakwenda pembeni. Nadhani alitaka tusikie.

ODETA: Shikamoo, baba mkubwa. Mimi Odeta... Nimempata, ndiyo. Niko naye hapa... Hapana. Hapana, baba... Mwambieni mama aingie ndani. Mbebeni, hata akiwang'ata... Ndiyo. Kateni mgomba.

Akakata simu. Akaokota kikombe chini, akanirudishia kwa mikono miwili. Kahawa yote ilikuwa mle mle, imepoa.

ODETA: Asante, kaka.

Akaingia mvuani kuelekea barabara kubwa. Kanubhai alitoka mbio na mwavuli, mara ya kwanza namwona anakimbia, akamfuata mpaka kwenye kona. Sisi tulibaki tunamwangalia mgongo. Simu ya Bando ikaanza kulia, tii, tii, tii, watu wa Bukoba, watu wa Geita, wote wanauliza kama fundi kaonekana tena.

BANDO: Sasa nifute?

MIMI: Unauliza?

BANDO: Nikifuta watasema nimehongwa. Watasema nimeficha kitu. Mnajua watu walivyo.

KAMATI: Ngoja kwanza. Tusifanye pupa. Tuliangalie kwa upana.

Simtanki alikuwa amerudisha kofia kichwani. Akaegemea ukuta, akashusha pumzi, akanyoosha kikombe nimwongezee, na sauti yake akaipunguza, ile sauti ninayoijua.

SIMTANKI: Lakini jamani, ngojeni niwaulize. Mmemwona yule mama vizuri? Hakutoa hata chozi.

MIMI: Kahawa imekwisha.

SIMTANKI: Imekwishaje? Birika si limejaa?

Nikalishika birika, nikalimwaga lote juu ya mkaa. Moshi na majivu vikawapanda usoni, wakaruka kutoka benchini wanakohoa, wananitukana. Nikaanza kukusanya vikombe.