Bi Shamsia wa Mohoro na Ndoo ya Mbegu

Ndugu zetu mliokuja kutusitiri, assalaam alaykum. Mimi ni Haidari, mtoto wake wa kwanza, na familia imenitaka niwasomee maisha ya mama yetu, Bi Shamsia binti Mshamu.

Marehemu alizaliwa mwaka 1949 hapa Mohoro, siku haikuandikwa, akasoma chuo cha Kurani kisha shule ya msingi hadi darasa la nne, akaachishwa mwaka 1963 kwa kuwa shamba lilihitaji mikono. Tarehe 6 Mei 1967 aliolewa na marehemu mzee wetu Mwinyimvua, wakajaliwa watoto watano, wawili wametangulia, na maisha yake yote alikuwa mkulima wa mlao, yaani wa kupanda kwenye tope maji ya mto yanaporudi, kazi ambayo sisi wanawe tuliiona ya kizamani.

Aprili 2024 mafuriko yalipoingia majumbani, alitoka na msahafu na ndoo moja ya mahindi ya mbegu aliyoyaangua juu ya meko, alikoyatundika yakauke kwa moshi, tukahamia kambini Chumbi. Wiki ya tatu chakula kilichelewa, watoto wanalia, watu wameizunguka ile ndoo, nami nikamwita mama yangu mchoyo mbele ya kambi nzima, nikainyooshea mkono. Akaikalia. Akasema, "Ukiyapika haya, Haidari, mwezi wa sita utapanda nini?" Siku kumi na moja alikula akiwa ameikalia, akiinuka kwa swala tu. Nilimchukia, sifichi.

Maji yaliporudi alitutangulia bondeni na wazee wenzake watatu, wakijaribu tope kwa kisigino, hapa bado, hapa pandeni, na waliokuwa wamekimbilia kupanda mchangani, mbegu zikawanyaukia, wakarudi kwake kuomba nyingine. Kaya thelathini na nane zilipata bakuli moja moja, langu likiwa limejaa sawa na ya wenzangu, na Septemba tukavuna.

Alianza kuugua figo Novemba 2025, akafariki hospitalini Kibiti Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wale wazee watatu waliomuuguza kwa zamu.

Desturi yetu, msomaji huwaomba waliokosewa na marehemu wamsamehe. Nimepita nyumba kwa nyumba, sikumpata hata mmoja. Mimi ndiye niliyemkosea, nikawa nangoja siku nzuri ya kumwomba radhi, na Jumapili wodini nilipoanza kusema alikuwa hasikii tena. Pumzika kwa amani, mama, mwanao nimechelewa.