Raili Heiskanen Anaondoka, Joto Linabaki

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Raili Heiskanen anaizima kompyuta yake ya kazini baada ya miaka thelathini na minne katika kampuni yetu ya kupasha nyumba joto hapa Kivilampi, Ufini. Alipokuja alikuwa mwanamke pekee katika idara ya mitambo. Kwa lugha ya kompyuta iitwayo C aliandika programu ambazo hadi leo zinasukuma maji ya moto kwenye nyumba za mji mzima.

Programu hizo ni familia. Mama ni mmoja, na kila pampu ina mtoto wake wa kuiangalia. Mtoto akifa, yaani akizimika mwenyewe au akizimwa na fundi, mama hupata ishara, akazaa mwingine mahali pake. Ndiyo maana karani wetu Seija, wiki yake ya kwanza, nusura amwage kahawa alipomsikia Raili akilalamika: "Nimeshaua watoto wawili leo, huyu wa tatu mbishi kweli, hataki kufa!"

Lakini kuna Januari moja ya baridi kali ambayo hatukucheka. Umeme uliyumba, watoto watatu wakafa kwa mpigo. Ishara ni kama hodi: za aina moja zikija kwa pamoja, mama husikia moja tu. Basi akazaa mtoto mmoja, akatulia. Pampu mbili zikalala, na mtaa wa Koivukuja ukaanza kupoa.

Kutoka Koivukuja ilikuja simu moja. Fundi wa zamu akahesabu nyumba moja yenye shida. Raili hakuridhika, alivaa buti akapita mlango kwa mlango. Alimkuta mzee Eino Kolehmainen ameketi jikoni na koti na kofia, vidole vimekufa ganzi.

"Mzee, mbona hukupiga simu?"

"Nilijua mna kazi nyingi, binti. Sikutaka kuwasumbua."

Ndivyo tulivyo sisi Wafini, tunakufa na tai shingoni.

Raili alisema mbele yetu sote kwamba kosa lilikuwa kwenye programu yake. Akairekebisha: mama akisikia ishara, hata moja, awazungukie watoto wote mpaka ahakikishe hakuna aliyekufa bila kuonwa. Kisha akatutaka na sisi tufanye vivyo hivyo. Simu moja ikiingia, tunaupigia mtaa mzima. Tulinung'unika, tukamwita Bi Mzunguko. Mzee Eino aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatujamkuta tena mtu akitetemeka kimya.

Sasa Raili anahamia nyumba yake ya ziwani, peke yake. Tulipomuuliza kama atatuita akihitaji kitu, alijibu, "Mimi tena? Nitakuwa sawa tu."

Jibu hilo tunalifahamu. Kwa hiyo Tarja, anayerithi meza yake, atafika kwake Jumatano na mikate ya iliki, na wiki itakayofuata zamu ni yangu.

Ahsante, Raili. Tunakuombea siku njema, sauna ya moto na kuni tele. Usijisumbue kupiga simu, tutakuja tu.