Basi la Mwisho Kupanda Mlima

TOKUJIRO: Haloo? Nani mwenzangu? Ongeza sauti, mvua inapiga bati huku.

MISUZU: Mimi, baba. Misuzu. Shikamoo.

TOKUJIRO: Marahaba, mwanangu. Mbona uko macho? Kesho si unafundisha?

MISUZU: Nitalalaje? Bi Kuwano amenipigia sasa hivi. Amekugongea mlango mpaka mkono umemuuma, taa zimezimwa, viatu havipo. Uko wapi?

TOKUJIRO: Kuwano naye! Jirani yule akikosa jambo la kuchungulia anaumwa.

MISUZU: Baba. Nimekuuliza uko wapi.

TOKUJIRO: Mjini.

MISUZU: Mjini wapi?

TOKUJIRO: Stendi. Nasubiri basi langu la kurudi nyumbani, kama watu wengine.

MISUZU: Saa tano na nusu usiku! Una siku tisa tu tangu utoke hospitali. Tisa! Daktari alisema usitoke kwenye baridi, mbele yangu alisema, na wewe ukaitikia—

TOKUJIRO: Niliitikia kwa adabu.

MISUZU: —ukainamisha na kichwa!

TOKUJIRO: Nimevaa sweta mbili. Na koti. Na nimekula bakuli zima la tambi kwa Mama Ranko, zinachemka, zina pweza na kabichi. Niko moto kuliko wewe hapo.

MISUZU: Nani Mama Ranko?

TOKUJIRO: Mwenye kilabu hapa nyuma ya stendi. Yuko hapa pembeni yangu, anafunga mwavuli. Anakusalimu.

MISUZU: Baba, ni mwanamke? Kama ni mwanamke niambie tu, sitakasirika.

TOKUJIRO: Ha! Ranko, mwanangu anauliza kama— anacheka huyu, unamsikia? Hapana, we mtoto. Ni basi.

MISUZU: Basi.

TOKUJIRO: Kampuni ilibandika karatasi kituoni kwetu mwezi uliopita, herufi ndogo kama chawa. Wanataka kufuta basi la mwisho la kupanda mlimani. Wiki hii wanahesabu watu. Kila usiku karani anakaa kiti cha mbele na fomu yake. Basi likifika chini ya mlima, kabla halijaanza kupanda, anahesabu vichwa. Wakiwa chini ya kumi na wawili hata usiku mmoja, basi limekufa.

MISUZU: Kwa hiyo wewe—

TOKUJIRO: Kwa hiyo mimi nashuka mjini na basi la saa tatu, napanda hili la mwisho. Usiku wa saba leo. Ndiyo usiku wa mwisho wa kuhesabu.

MISUZU: Umetoka usiku saba mfululizo na mapafu yako yale?

TOKUJIRO: Na wenzangu. Ranko, fundi saa, mke wa muuza tofu na dada yake... Tuligawana mitaa tukagonga milango. Tunalipa nauli ya usiku, mara mbili ya mchana, tunakaa kimya.

MISUZU: Huo si udanganyifu, baba?

TOKUJIRO: Udanganyifu wapi? Tumelipa, tumekaa. Abiria ni nani kama si mtu aliyelipa akakaa?

MISUZU: Sikiliza. Nakuitia teksi. Usisogee. Nalipa mimi.

TOKUJIRO: Sitaki teksi.

MISUZU: Usinizingue, mzee—

TOKUJIRO: Na Sugie umlipie teksi? Kila usiku?

MISUZU: Sugie ni nani tena?

TOKUJIRO: Anapiga deki hospitalini. Wewe umemwona, ndiye aliyekuwa akinipitia na ndoo kitandani. Anatoka kazini saa tano na robo. Ana miaka sitini na mitatu. Basi likifutwa anapanda ngazi za mlimani. Unazijua ngazi zile.

MISUZU: Baba, ngazi—

TOKUJIRO: Mia mbili themanini na nne. Mwaka juzi umeme ulikatika, taa za barabarani zikazima, basi halikuja, akaanguka akavunjika mkono. Alilala pale penye mvua mpaka mtu wa magazeti alipopita alfajiri.

MISUZU: Najua ngazi zile, baba. Huna haja ya kuniambia mimi habari za ngazi zile.

TOKUJIRO: Ndiyo. Samahani.

MISUZU: Mama alikuwa anakaa pale mlangoni, hawezi kuvua viatu kwa uchovu. Mimi ndiye niliyekuwa namvua.

TOKUJIRO: Miaka sita. Kabla basi halijaletwa.

MISUZU: Halafu likaletwa, ukaenda kuliendesha wewe. Ikawa ni basi, basi, basi. Nilikuwa nalisikia likipita chini ya dirisha langu. Ulikuwa unapiga honi mara moja, unapita zako.

TOKUJIRO: Nilikuwa na abiria, Misuzu.

MISUZU: Miaka ishirini na minane una abiria.

TOKUJIRO: (anakohoa)

MISUZU: Umeona? Umeona kikohozi hicho?

TOKUJIRO: Moshi wa basi huu. Limeingia. Ngoja... (sauti inakwaruza) ...nane, tisa...

MISUZU: Haloo? Baba? Unakatika.

TOKUJIRO: ...kumi, kumi na mmoja. Hebu. Ranko, Onizuka yuko wapi? Kinyozi! Nini? Ana homa? Tangu lini?

MISUZU: Kuna nini?

TOKUJIRO: Kinyozi amelala, ana homa. Mkewe amepiga simu kwa Ranko. Tuko kumi na mmoja.

MISUZU: Pamoja na Sugie?

TOKUJIRO: Pamoja na Sugie.

MISUZU: Labda atapanda mtu njiani.

TOKUJIRO: Usiku huu? Mvua hii? Kuna vituo vinne tu kabla ya mlima, na nimeendesha njia hii miaka ishirini na minane. Hakuna mtu atakayepanda. Sawa. Tunakwenda hivyo hivyo. Karani aandike kumi na mmoja, na mimi nitamwambia usoni aandike na majina yetu, ili ajue amemfutia nani.

MISUZU: Baba, usigombane na mtu.

TOKUJIRO: Sigombani. Nazungumza. Na kesho nitakwenda ofisini kwao nizungumze tena. Wakifunga mlango nitakaa nje.

MISUZU: Kwenye baridi.

TOKUJIRO: Na sweta mbili. Haya, dereva amewasha. Ni Nagatomi, nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Nakata, haturuhusiwi simu ndani—

MISUZU: Usikate!

TOKUJIRO: Nimeshapanda, mwanangu, watu wananitazama.

MISUZU: Wakutazame. Umesema vituo vinne kabla ya mlima. Cha tatu si kile cha daraja la matofali?

TOKUJIRO: Ndicho.

MISUZU: Linafika hapo saa ngapi?

TOKUJIRO: Kwa nini?

MISUZU: Baba, saa ngapi!

TOKUJIRO: Saa tano na dakika hamsini na mbili. Misuzu, wewe umeshavaa nguo za kulala.

MISUZU: Natafuta koti. (kitu kinaanguka) Pochi... pochi iko wapi... Nimepata. Natoka.

TOKUJIRO: Rudi ndani. Utaumwa. Kesho una watoto darasani.

MISUZU: Nani anamwambia mwenzake arudi ndani? Wewe?

TOKUJIRO: (ananong'ona) Ranko, anakuja. Mwanangu. Ndiyo, yule mwalimu.

MISUZU: Mmefika wapi?

TOKUJIRO: Tumepita kituo cha kwanza. Hakuna aliyepanda. Karani ananiangalia kwa sababu ya simu. Acha aangalie! Bwana karani, naongea na mwanangu, andika na hilo!

MISUZU: (anahema) Baba, punguza sauti!

TOKUJIRO: Miaka yote nimewazimisha watu simu humu. Leo hapana. Uko wapi?

MISUZU: Nateremka kwa mwokaji. Maji yamejaa njiani... aa! Kiatu!

TOKUJIRO: Umeanguka?

MISUZU: Nimeacha kiatu kimoja. Acha kibaki. Nyie mko wapi?

TOKUJIRO: Kituo cha pili. Hakuna mtu. Amefungua mlango, amefunga. Misuzu, sikia, una dakika tatu, usivuke penye taa nyekundu, naomba. Basi si kitu cha kufia.

MISUZU: Siku saba unafanya nini basi?

TOKUJIRO: Angalia njia, mwanangu.

MISUZU: Naliona daraja! Niko upande wa pili. Taa nyekundu. Hakuna gari hata moja, baba.

TOKUJIRO: Subiri taa.

MISUZU: Naziona taa za basi. Mnakuja. Mwambie Nagatomi anisubiri!

TOKUJIRO: Siwezi. Dereva hasubiri mtu ambaye hayupo kituoni. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

MISUZU: Baba!

TOKUJIRO: Nilishawahi kumwacha mama mwenye mtoto mgongoni, kwa sekunde kumi tu, nikaondoka. Kanuni ni—

MISUZU: Wamefungua mlango! Hakuna anayeshuka! Baba, sema kitu!

TOKUJIRO: (kwa sauti kubwa) Nagatomi! Usifunge! Nimesema usifunge! Yule pale ni mtu, hesabu ni mtu, mwache avuke! Lawama zangu! Ranko, kaa hapo mlangoni, weka mguu!

MISUZU: Kijani! Nakuja!

TOKUJIRO: Polepole, panateleza! Mlango wa nyuma, wa nyuma! Vuta tiketi hapo kwenye mashine!

MISUZU: (anahema sana) Nimeshika. Nimepanda. Jamani, asanteni... samahanini sana... nimewalowesha wote...

TOKUJIRO: Bwana karani. Mlima bado. Umehesabu wangapi? Sema tusikie. ... Kumi na wangapi? Sema tena, Sugie kule nyuma hakusikia.

MISUZU: Wanapiga makofi, baba.

TOKUJIRO: Nasikia, mimi nimo humu humu.

MISUZU: Uko wapi? Naona kofia tu.

TOKUJIRO: Kiti cha nyuma ya dereva. Njoo. Miguu yako hiyo, Mungu wangu, mmoja mtupu.

MISUZU: Nakuona. Sogea, nikae.

TOKUJIRO: Kata simu kwanza.

MISUZU: Kata wewe.